Kliniki iliyompima binti yetu mwili kabla ya kumwita mgonjwa wa akili

Ninaandika kuhusu kliniki ya watoto ya hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam, ambako binti yetu wa miaka 14 alitibiwa. Kwa wiki mbili alikuwa halali, akisikia sauti za watu wasiokuwepo na kukataa chakula kwa madai kwamba kimetiwa sumu. Majirani walisema ni majini, na zahanati tuliyoanzia ilimpa vidonge vya usingizi bila hata kumpima joto.

Daktari wa kliniki alikaa nasi karibu saa nzima, na hakuanza na zile sauti. Aliuliza kama mtoto alipata homa, kama viungo vilimuuma asubuhi, kama nywele zilikatika, kama aliwahi kupata degedege, na ni dawa gani alizokuwa akitumia. Maumivu ya viungo na kukatika kwa nywele vilikuwepo kwa miezi kadhaa, nasi tulidhani ni uchovu wa shule. Alitueleza kwamba dalili kama hizi zinapomzukia mtoto ghafla, hasa zikiandamana na homa, degedege au fahamu inayopotea na kurudi, ni lazima kwanza kutafuta chanzo mwilini: malaria kali, kifafa, VVU, kaswende, matatizo ya tezi ya shingo, ugonjwa wa Wilson unaorundika madini ya shaba katika ini na ubongo, au kinga ya mwili inayoushambulia ubongo wenyewe.

Alipimwa damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo, kisha akapigwa picha ya kichwa. Mkojo ulikuwa na protini nyingi, na kipimo cha kinga kikathibitisha lupasi, ugonjwa ambao mwili hujishambulia, ubongo ukiwemo. Alianzishiwa steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga ya mwili, pamoja na dawa kidogo ya kutuliza zile sauti. Nilithamini sana kwamba daktari alitutahadharisha mapema kuwa steroidi nazo zaweza kuvuruga akili, akatuagiza tuandike kila siku mtoto amelala saa ngapi. Wiki ya tatu sauti zilikoma, na mwanangu akaomba ugali kwa mdomo wake mwenyewe.

Yapo yaliyotuumiza. Majibu ya kipimo cha kinga yalichukua siku 9, hakuna aliyetuambia gharama yake kabla ya damu kutolewa, na mlinzi mmoja alimwita mtoto kichaa mbele ya foleni nzima, jambo ambalo hadi leo binti yangu hulikumbuka kuliko sindano ya mgongo. Uongozi uwafundishe watumishi wote, si madaktari peke yao.

Hata hivyo ningewapeleka wazazi wengine pale bila kusita. Wafike kabla ya saa moja asubuhi, na wabebe dawa zote ambazo mtoto ametumia, za dukani na za kienyeji, kwa kuwa daktari ataomba kuziona moja moja.