Duka la vitabu vya mitumba, Kadutu (Bukavu): nendeni kwa ajili ya mashairi

Mama muuzaji hakuharakishi. Anakupa benchi usome kwanza. Nimenunua mashairi ya Robert Frost, mshairi wa Marekani, kwa Kifaransa, faranga 5,000, bei ya haki ingawa kurasa za mwisho zinaachia gundi. Humo mna shairi la mti wa dirishani, lililo katika kitabu chake cha 1928. Usiku mshairi anafunga dirisha, ila pazia hataki livutwe kati yake na mti. Mti unarushwa na upepo wa nje. Yeye anarushwa na dhoruba ya ndani, hata usingizini. Hapo nilisimama, nikasoma tena. Mikaratusi ya jirani ilikuwa inavuma, nami nawawaza ndugu zangu walioko Goma. Mashairi ya Kiswahili ni machache mno rafuni. Mama, tafadhali, tuongezee.