TAHADHARI: Kadi za picha za kompyuta GTX 1050 Ti "mpya" za 180,000 Kariakoo ni kadi za 2011 zilizobadilishwa jina

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na uchungu wa laki moja na themanini, lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba jana nimeona jamaa yuleyule aliyeniuzia amerudi na tangazo jipya.

Mashine yangu ni kompyuta ya HP Z420 yenye prosesa ya Xeon, toleo la 2012, niliyoichukua ya mtumba. Ndiyo inayonilisha: mchana nahariri vidio za harusi na kipaimara, usiku mdogo wangu anacheza gemu. Kununua mpya sina uwezo, kwa hiyo mwaka huu nimekuwa nikiiboresha kidogo kidogo. Niliweka SSD, nikaongeza RAM, ikabaki GPU, yaani kadi ya picha. Nikachagua GTX 1050 Ti ya GB 4, maana inakula wati 75 tu na kwa mashine ya umri huu inatosha kabisa.

Wengi niliowauliza walitaka laki mbili na nusu kupanda juu. Huyu akaandika mtandaoni: mpya kwenye boksi, 180,000, waranti miezi sita. Duka hana. Tukakutana karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, mtu mpole, maneno ya adabu. Nikamwambia, "Kaka, twende kwa fundi yeyote hapo Aggrey tuijaribu." Akasema boksi likifunguliwa waranti imekufa. Akanionesha kwenye simu picha ya skrini yenye jina la kadi na GB 4. Nikalipa kwa simu palepale.

Nyumbani nikaichomeka, nikaweka draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya CD iliyokuja nayo. Windows ikasoma jina vizuri, GB 4 zipo. Nikafungua harusi ya Jumamosi, na kabla sijafika hata kwenye keki, skrini ikajaa mistari ya kijani na mashine ikaganda. Gemu nalo likawa linajizima lenyewe. Nikashusha draiva mpya kutoka tovuti ya NVIDIA, nikapata skrini ya bluu ya Windows kuanguka.

Ndipo nilipoiendesha GPU-Z, programu ya bure ya TechPowerUp inayosoma taarifa za kadi, ambayo tangu 2018 inatambua kadi za NVIDIA za namna hii. Mbele ya jina la kadi yangu iliandika FAKE. Koa za CUDA, yaani vichakataji vidogo vya ndani ya chipu, zilikuwa 192, wakati 1050 Ti ya kweli ina 768. Bado sikutaka kuamini. Nikafungua skrubu nne, nikatoa feni, nikafuta ile griisi iliyokauka kwa pamba na spiriti. Chipu imechorwa GF116. Ya 1050 Ti ni GP107. GF116 ni ya GTX 550 Ti iliyotoka 2011, kwa kawaida na GB 1 tu ya kumbukumbu.

Naomba tuelewane hapa, kwa sababu ndipo tunapoliwa. Wanachukua kadi kuukuu na kuiandika upya BIOS yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) ili ijitambulishe kwa jina la kadi nyingine na kumbukumbu ambayo haipo. Windows inasoma kilichoandikwa humo tu. Jina kwenye skrini halithibitishi kitu. Kazi nzito ndiyo inayoiumbua, hasa inapohitaji kumbukumbu kuliko iliyopo. Draiva mpya nazo zinakataa, kwani kizazi hicho NVIDIA ilikiacha mwaka 2018.

Ukienda kununua, tembea na GPU-Z kwenye flashi. Kadi ichomekwe kwenye mashine ya fundi, usome namba za koa, kisha uiendeshe na FurMark, programu ya kuibebesha kadi kazi nzito, robo saa ukiwa umekaa hapo hapo. Elfu kumi ya fundi haiumi. Angalia na matundu: kizazi cha GTX 10 hakitoi mawimbi ya analogi, kwa hiyo ukiona tundu la bluu la VGA, rudisha pesa mfukoni. Tundu la umeme la pini sita peke yake lisikutishe, maana baadhi ya 1050 Ti halisi zinalo. Lakini muuzaji akikataa kujaribu, ondoka, hata kama bei inakuvuta. Kwa hela ileile ningetafuta GTX 750 Ti ya mtumba iliyo halisi, nikafanya kazi zangu.

Kariakoo kuna wafanyabiashara waaminifu, wanaokuwashia kitu na kukuandikia risiti, na hawa matapeli wanawaharibia jina.

Jamaa alisoma ujumbe wangu, akaniblok. Ukurasa ukabadilishwa jina. Nimemtambua kwa picha: boksi limewekwa juu ya kitambaa kilekile cha meza chenye maua ya zambarau na alama ya pasi pembeni. Safari hii anauza "GTX 1060 ya GB 6" kwa 230,000. Jina lake siliweki hapa kwa kuwa taarifa iko polisi pamoja na ujumbe wa muamala. Kama na wewe ulinunua kwa mtu mwenye kitambaa hicho, njoo inbox tuunganishe malalamiko.

Kadi ninayo, nimeiacha wazi bila feni. Aliyepo Dar na anataka kuona chipu yenyewe kabla hajatoa hela yake, aniambie nimwoneshe.