Boti ya kwenda Mahale

Nimerudi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, siku si nyingi zilizopita, na hasira yangu kwa mwenye boti aliyetupeleka bado haijapoa. Kufika Mahale kwa barabara ni taabu, hivyo mgeni asiye na fedha za kukodi ndege humtegemea mwenye chombo, na mwenye chombo analijua hilo vizuri.

Tulipokuwa tukipakia mizigo Kigoma, pamoja na mchele na unga kwa kuwa hifadhini hakuna duka, niliona majaketi okozi manne tu yamesokomezwa chini ya ubao wa kukalia, moja likiwa limekatika mikanda, ilhali abiria tulizidi kumi. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, naomba utuongezee majaketi kabla hatujaondoka." Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akanijibu mbele ya watu wote, "Dada, kama unaogopa maji, kapande basi." Baadhi ya abiria walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akienda kijiji cha njiani hakucheka. Alifungua kanga, akamhamisha mtoto wake kutoka mgongoni hadi kifuani, akamfunga upya na kulikaza fundo mara mbili.

Upepo wa mchana ulipoanza kuvuma na maji kuturukia usoni, niliapa kumwambia kila ninayemfahamu asithubutu kwenda Mahale.

Siwezi kusema hivyo sasa. Kabla ya kuwakaribia sokwe mtu, mwongozaji wetu alitukagua mmoja mmoja: barakoa ifunike pua, anayekohoa abaki kambini, na muda wa kuwatazama usizidi saa moja, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Sokwe hao wamewazoea watu kutokana na kazi ya watafiti wa Kijapani iliyoanza mwaka 1965, na dume mmoja alipita karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake, akaketi na kuanza kumchambua mwenzake manyoya. Machozi yalinitoka. Wanyama hao wanalindwa dhidi ya kikohozi changu, na wanastahili. Kwa nini basi mtoto wa yule mama asilindwe dhidi ya maji ya Tanganyika?

Nendeni Mahale, na ukosefu wa huduma usiwatishe. Ila hesabuni majaketi kabla ya kulipa nauli, na yakipungua, subirini chombo kingine hata kama mtalala Kigoma. Boti ile mimi siipandi tena, hata nikibebwa bure.