Platini nje, sumaku ndani: Pertronix kwenye Land Rover 109

Kwa anayeuliza kama Pertronix Ignitor, kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya platini, inafaa kwa Land Rover ya petroli: inafaa, ila usitoe hela kabla hujafika kwenye habari ya koili hapo chini.

Gari langu ni Land Rover 109 (ile ndefu) Series III, injini ya petroli ya cc 2,286, na si la maonyesho. Linashuka Mang'ola kuchukua vitunguu, linavipandisha Karatu. Aliyepita njia ile kiangazi analijua vumbi lake. Kilichokuwa kikinilaza porini si injini wala gia boksi. Ni platini.

Platini ni swichi tu: kila inapofunguka inakata umeme wa koili, na hapo ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Shida ni kwamba kisigino chake kinasugua kemu ya distributa (kigawa cheche) muda wote. Kinalika, nafasi kati ya ncha inapungua, taimingi (wakati wa cheche kuruka) inahama. Kitabu kinataka nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40; unaipima vizuri kwa fila geji, ukimaliza safari chache za mzigo ukirudia kupima siyo ile tena. Ncha nazo zinaungua, na kondensa zinazouzwa siku hizi nyingine ni mapambo. Asubuhi ya baridi unapiga stata mpaka betri inaomba msamaha, na likiwaka linamisi.

Ndani ya boksi la Pertronix vitu vya maana ni viwili: moduli nyeusi iliyofungwa kwenye kisahani, na pete yenye sumaku. Pete inavaa kwenye kemu, chini ya rota. Moduli inakaa palepale palipokuwa na platini. Sumaku zikipita mbele yake inazihisi na kukata umeme, bila kitu kugusa kitu. Hakuna boksi la pembeni la kutobolea bodi, na ukirudisha kifuniko gari linaonekana lilivyotoka kiwandani. Hilo kwangu lina uzito, maana sitaki kuligeuza gari la zamani liwe kitu kingine.

Kuifunga seti hii nyumbani hakuhitaji gereji. Waya nyekundu inakwenda kwenye chanya ya koili, nyeusi kwenye hasi, na ole wako uzigeuze. Penye kutaka macho ni ndani ya distributa: bati lile la platini halijatulia, vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) hulivuta na kulirudisha kadiri unavyokanyaga mafuta. Ukizikaza waya kama kamba ya kuanikia nguo, zitachubuka au zitalizuia bati lisitembee. Ziachie ulegevu kidogo, halafu nyonya bomba la vakyumu kwa mdomo huku unachungulia. Bati likicheza na waya zisiguse rota, funika. Kisha weka taimingi upya kwa taa. Usiseme itakuwa ileile, haiwi.

Sasa koili. Kwa injini ya silinda nne wanataka koili yenye ukinzani wa omu 3. Koili ya kawaida ya volti 12 huwa karibu na hapo, lakini hizi za dukani zina stika ya kila aina, kwa hiyo pima kwa mita. Ikiwa ya omu 1.5 iliyotengenezwa kufanya kazi na kipunguza umeme, moduli itapata moto mpaka ife. Vivyo hivyo usiache swichi ya gari imewashwa injini imezima, eti mnasikiliza mpira redioni. Na waya za plagi ziwe zile zenye kaboni ndani, si shaba tupu.

Matokeo? Linawaka mara moja, baridi au joto. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, imetulia hadi nikaipunguza. Mlimani na magunia halikohoi tena. Nguvu haikuongezeka, asikudanganye mtu, na kwenye mafuta sijaona tofauti ya kuapia. Nilichokinunua ni usingizi, kwa shilingi laki nne na ushee mpaka kufika mkononi, na nusu ya maumivu ya hela hiyo ilikuwa usafiri na kodi.

Fundi mmoja mzee wa hapa, aliyezifunga Land Rover tangu sijazaliwa, aliiangalia moduli akacheka. "Mwalimu, platini ikikufia porini unaipiga msasa unaondoka. Hilo dude likifa utalipiga nini?"

Ana hoja, tena ndiyo hoja kubwa kuliko zote dhidi ya kitu hiki. Moduli haikohoi wala haitoi taarifa; ikifa imekufa. Jibu nililompa ni bati la zamani, platini na kondensa vikiwa vimeshafungwa na kupimwa, kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti. Ni skrubu mbili tu. "Haya, Mzee, hapo je?" Akasema hapo sawa, ila bado ni pesa nyingi.

Nyingi ukilinganisha na platini, ndiyo. Lakini wapo wanaong'oa injini nzima na kuweka 3L ya dizeli ya Hiace, wanachomelea mikono mipya ya kushikilia injini, wanatafuta bati la kuunganisha na gia boksi, kisha namba ya injini kwenye kadi inawapeleka TRA, mamlaka ya mapato. Gari linavuta vizuri, sikatai. Ila kwa ugonjwa wa cheche, huko ni mbali mno.

Wa kutonunua ni mwenye distributa iliyochoka. Shika shafti uitikise; ikicheza kushoto na kulia, moduli itavumilia kuliko platini lakini haitaponya, tengeneza bushi kwanza. Mwenye Series II au IIA za mwanzo aangalie betri: nyingi zilifunga chanya kwenye bodi, na seti hii ni ya gari lenye hasi kwenye bodi. Na kabla ya kuagiza, futa grisi ubavuni mwa distributa usome. Yangu imeandikwa Lucas 45D4. Baadhi ya Series III zilitoka na distributa ya Ducellier, na seti ya Lucas haiingii humo hata uisukume vipi.