Maji ya moto nyumbani Goma: ununue nini kwanza, na kwa nini joto la ardhi linakuja mwisho

Anayeishi chini ya volkano ya Nyiragongo huuliza swali la haki: kwa moto wote huu ulio chini ya miguu yetu, mbona bado tunachoma makaa ili tuoge? Jibu liko nambari 4, na ni vizuri ulijue kabla hujamlipa mtu achimbe.

Kwanza hesabu. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunataka kilowati-saa 3.5 za joto, kwa kifaa chochote. Tofauti ni wapi kifaa kinalitoa joto hilo.

1. Mtambo wa jua. Kwa familia ya watu watano au sita, chukua tangi la lita 150 hadi 200 na paneli bapa ya mita mraba 2 au zaidi. Hapa maji hayagandi, kwa hiyo huhitaji dawa ya kuzuia barafu wala mtambo wa mizunguko miwili (ambamo dawa hiyo huzunguka kwenye bomba lake na kupasha maji bila kuchanganyika nayo). Anayekuuzia hivyo anakuongezea bei bure. Mirija ya glasi, inayouzwa badala ya paneli bapa, hufanya vizuri zaidi siku za mawingu, ila mvua ya mawe huivunja, na ukiingiza maji baridi mchana ikiwa mikavu na yenye moto, hupasuka. Ijaze alfajiri.

Makosa ya ufungaji ndiyo huua mitambo mingi. Tangi la lita 200 likijaa, pamoja na fremu yake, hukaribia kilo 300: nyumba ya mbao haibebi, jenga jukwaa pembeni. Tangi la maji baridi likae juu ya lile la moto, la sivyo maji hayashuki. Paneli ielekee kaskazini, imeinama nyuzi 10 hadi 15. Bomba la maji ya moto liwe la PPR (plastiki inayostahimili joto) au shaba, kwa sababu PVC ya kawaida hulegea. Na moshi wa volkano, ule ule unaotoboa mabati, hula pia ganda la chuma lililopakwa rangi tu, kwa hiyo chagua aluminiamu au chuma kisichoshika kutu. Majivu yakitua kwenye kioo, yamwagie maji kwanza. Ukiyapangusa makavu yanakwaruza.

2. Pampu ya joto ya hewa. Hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa: inachota joto la hewa na kulisukuma ndani ya maji. Kwa kilowati-saa 1 ya umeme hutoa kama 3 za joto, na huvuta wati 500 hadi 800 tu. Adui yake ni umeme unaopanda na kushuka, maana huunguza kompresa. Nunua pamoja na stabilaiza inayochelewesha kuwaka kwa dakika tatu baada ya umeme kurudi.

3. Boila ya umeme. Bei ndogo dukani, kubwa kila mwezi. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi za madini: kagua anodi ya magnesiamu (fimbo ya ndani inayoliwa na kutu badala ya tangi) kila mwaka. Fimbo ya ardhi, ya kupeleka umeme unaovuja chini, haizami kwenye mwamba wa lava, kwa hiyo usifunge boila bila kikata-umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme unapovuja.

4. Pampu ya joto ya ardhini. Huchota joto la udongo kwa mabomba yaliyofukiwa. Ulaya inafaa kwa sababu wakati wa baridi hewa iko chini ya sifuri na udongo hubaki karibu nyuzi 10. Goma udongo na hewa vinakaribiana, karibu nyuzi 20 kwa wastani wa mwaka. Unalipia mitaro ya mita 1.5 ndani ya mwamba, halafu unapata karibu kile kile inachokupa pampu ya hewa.

Joto lenyewe la volkano ni jambo jingine. Olkaria, Kenya, visima huzidi kina cha kilomita moja. Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952 maji ya nyuzi 91 yalizalisha kama kilowati 200 kwa ajili ya mgodi. Hiyo ni kazi ya kampuni au serikali, na tunatamani sana Kivu iifikie.

Kuchimba kuna hatari pia. Mazuku, gesi ya kaboni dioksidi iliyo nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni bila rangi wala harufu. Shimo lililolala wazi usiku, hasa upande wa mji wa Sake, mtu asishuke kabla halijapimwa kwa kipima-gesi. Mtu akianguka humo, usimfuate: wengi hufa wakiokoa.