Mzunguko wa Buluu wa Oudenaarde: raha ya baiskeli juu ya mawe

Mji mdogo wa Oudenaarde, ulioko Flanders nchini Ubelgiji, una njia tatu za baiskeli zilizowekewa vibao vya kudumu, kila moja ikiwa na rangi yake: buluu, njano na nyekundu. Zote huanzia kwenye jumba la makumbusho ya Ronde van Vlaanderen, yaani mashindano ya baiskeli ya Mzunguko wa Flanders, lililo kando ya uwanja wa soko, na mpandaji hatozwi ada yoyote. Tathmini hii inahusu ile ya buluu, kwa kuwa ndiyo inayokusanya Oude Kwaremont, Paterberg na Koppenberg, vilima vitatu vyenye barabara zilizotandikwa mawe, ambavyo mashabiki huvitaja kwa majina kama watu wanaowafahamu.

Raha ya barabara ya mawe huanzia dukani. Duka nililokodi baiskeli lilinipa yenye gia nyepesi na tairi za milimita 32, na fundi aliniuliza uzito wangu kabla ya kushika pampu. Kwangu swali hilo lilikuwa na thamani kuliko maelezo yote ya bei. Tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi ikakakamaa hurushwa na kila jiwe na nguvu za mpandaji hupotea katika kurukaruka, ilhali tairi pana yenye upepo wa kiasi hubonyea juu ya jiwe na kulipita. La kuangalia ni upepo usipungue mno, rimu ikaja kuibana tyubu na kuitoboa. Kasoro niliyoikuta ni kishikio cha chupa kilicholegea: chupa ilichomoka mara tu mawe yalipoanza.

Oude Kwaremont una urefu wa kilomita 2.2, sehemu kubwa ikiwa ya mawe, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 4 tu. Kwa maoni yangu huu ndio bora kuliko yote mitatu, kwa sababu unampa mpandaji muda wa kujifunza. Ukiwa na gia nzito kidogo na mwendo usiokatika, baiskeli huacha kugongwagongwa na kuanza kuteleza juu ya mawe kwa mvumo unaosikika hadi mabegani. Njia nzuri iko katikati ya barabara, pale palipoinuka, kwani pembeni mawe yametengana na tope hujikusanya. Mikono ishike usukani kama ishikavyo kifaranga, isiuachie wala isiukabe. Kisha kijiji cha Kwaremont kinapita, lami inarudi, na ukimya wake unashangaza.

Paterberg ni mfupi, mita 360 hivi, lakini unapindukia asilimia 20, na raha yake ni ya aliyekwisha kufika juu. Koppenberg ni habari nyingine. Una mita 600, sehemu kali ikifikia asilimia 22, na miti iliyoufunika huyaacha mawe yakiwa na unyevu na utelezi. Mwaka 1987 gari la msimamizi wa mashindano liliikanyaga baiskeli ya mwanamashindano Jesper Skibby wa Denmark alipoanguka hapo, na kilima kikaondolewa katika Ronde hadi mwaka 2002. Akaaye kitini, uzito ukibaki juu ya gurudumu la nyuma, ana nafasi ya kufika. Anayesimama juu ya pedali gurudumu humzungukia bure, na akishaweka mguu chini atasukuma baiskeli hadi juu. Wanamashindano wenyewe hufanya hivyo, kwa hiyo hakuna aibu.

Waliotazama mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025 waliona namna mlima wa mawe wa Kimihurura ulivyowachuja wapandaji, na Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya mashindano makubwa ya barabara za mawe, Biniam Girmay wa Eritrea, alifanya hivyo mwaka 2022 katika Gent-Wevelgem, huko huko Flanders. Anayetaka kuelewa ushindi huo ulihitaji nini hatapata darasa zuri kuliko hili.

Vibao vinaonekana vyema, ingawa ni vidogo na mwenye kasi anaweza kuvipita kwenye makutano ya vijijini. Treni kutoka Ghent hufika Oudenaarde, hivyo gari halihitajiki. Nendeni siku kavu, na epukeni wikiendi ya Ronde yenyewe mwanzoni mwa Aprili, isipokuwa kama mnapenda kupanda Koppenberg katika foleni ya maelfu ya watu.