Uzoefu wangu wa miezi minane na seti ya visu vya kuchongea

Huchonga mbao jioni na siku za mapumziko, kwa kupenda tu wala si kwa kuuza, na kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia seti yenye kisu kilichonyooka, kisu cha kombo cha kuchimbia vijiko, bobari moja, yaani patasi yenye makali ya mviringo, na ukanda wa ngozi wa kunolea. Bapa zake ni za chuma cha kaboni, na hilo ndilo lililonivutia, kwa kuwa chuma hicho hunoleka upesi, ijapokuwa hushika kutu kikiachwa na unyevu.

Mnunuzi ajue kwamba kisu kilichonyooka hakikuja tayari kwa kazi. Kilikata karatasi vizuri, lakini nilipokipitisha kwenye mti laini kukatisha nyuzi, kiliacha uso wenye vinyweleo na mistari myeupe myembamba, dalili kwamba makali yalikuwa na mapengo yasiyoonekana kwa macho. Nilikaa nacho jioni nzima juu ya jiwe la kunolea la namba 1000, kisha la 6000 lililo laini zaidi, nikamalizia kwa ukanda uliopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia, nikikivuta kuelekea mgongo wake ili makali yasiikate ngozi.

Tofauti niliiona kwenye mdomo wa ndege wa kuchonga. Ndege wa kwanza, mdogo wa kuenea kiganjani, alinivunjikia mdomo kabla sijakinoa kisu, kwa sababu nililazimika kusukuma kwa nguvu, na kisu butu kikisukumwa hukwama, kisha huponyoka. Wa pili nilimchonga kwa kubadili mwelekeo kila nyuzi zilipogeuka, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikiusukuma mgongo wa ubapa taratibu, maranda yakitoka membamba na kujikunja, na uso ukabaki unang'aa hata sikuhitaji msasa. Nafurahi sikuutumia, kwani kwangu mimi kinyago chenye alama za kisu kina uhai ambao msasa huufuta.

Bobari ni nzuri tangu siku ya kwanza.

Kisu cha kombo ndicho kilichonisikitisha. Mpindo wake umebana mno, kwa hiyo huacha mitaro ndani ya kijiko badala ya kulisawazisha shimo, na mpini wake wa duara huzunguka mkononi pale hasa unapohitaji kuushika imara. Ukanda wa ngozi hauingii ndani ya mpindo huo, na seti haina maelezo yoyote ya namna ya kukinoa. Nililazimika kuzungushia msasa laini kwenye kijiti cha duara.

Mpini wa kisu kilichonyooka, wenye umbo la yai, hauchoshi hata baada ya kuchonga kwa muda wa saa mbili. Niliupaka mafuta ya kitani, na vitambaa nilivyotumia nikavitandaza nje vikauke, maana vikikunjwa vikiwa na mafuta hayo vinaweza kuwaka vyenyewe.

Kama vingeuzwa kimoja kimoja, ningenunua tena kisu kilichonyooka na bobari, na cha kombo ningekitafuta kwa mtengenezaji mwingine.